Uzi na Vifungo Ndani ya Kifundo cha Mguu

Tarehe 19 Oktoba 2019 Tua Tagovailoa, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliumia kifundo cha mguu wa kulia. Kesho yake akapasuliwa. Tarehe 9 Novemba alikuwa uwanjani tena akicheza dhidi ya timu ya LSU. Si uchawi, ni uzi.

Goti na kifundo vimeunganishwa na mifupa miwili: muundi, ule mnene, na mwembamba ulio upande wa nje. Juu kidogo ya kifundo mifupa hiyo hufungwa pamoja kwa kano. Mguu ukisokoteka kwa nguvu, kano hukatika na mifupa ikaachana. Ikishaachana hivyo, kufunga plasta ngumu (POP) peke yake mara nyingi hakutoshi.

Njia ya siku nyingi ni skrubu inayopita mfupa mmoja hadi wa pili. Hushika barabara, na bei yake ni nafuu. Shida ni kwamba mifupa hiyo haikai tuli. Ukichuchumaa huachana kidogo, kwa kuwa mfupa ulio katikati yake ni mpana zaidi kwa mbele. Skrubu hukataa mwendo huo, hivyo baadaye huweza kulegea au kukatika, na wagonjwa wengine hurudi tena kutolewa skrubu hiyo.

Njia nyingine ni uzi, unaofanya kazi kama wa fundi wa magodoro: daktari hutoboa tundu, hupitisha uzi imara, kifungo cha chuma huku na kingine kule, kisha hukaza. Mifupa hurudi pamoja, lakini bado huweza kusogea kidogo. Bei yake ni kubwa kuliko ya skrubu. Hata hivyo, kwangu mimi, skrubu iliyowekwa mifupa ikiwa imekaa mahali pake ni bora kuliko uzi uliokaza mifupa iliyopishana. Tena uzi hauponyi. Hushikilia tu mpaka kano zipone zenyewe.

Mguu ulioteguka kwa kawaida, wenye kano za nje zilizovutika, mara nyingi hupona kwa mazoezi bila kisu. Lakini ukiumia ukashindwa kupiga hatua nne, au maumivu yakipanda juu ya kifundo, usiende kukandwa. Nenda hospitali upigwe eksirei, na kama unaweza kusimama, omba upigwe ukiwa umesimama, maana ukilala mwanya kati ya mifupa huweza kujificha.