Taya Dogo, Pumzi Fupi
Mtoto akizaliwa na taya la chini dogo sana, ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Hukoroma hata akiwa macho, kifua hubonyea, kunyonya humshinda. Mama, hayo si mafua wala si jicho baya. Usimlaze chali. Mbebe kifudifudi, mkimbize Mama Lucy au Pumwani, hata usiku. Ulimi ukigeuka samawati, kila dakika ni uhai.

Wengi husaidika kwa kulala kifudifudi chini ya uangalizi, au kwa mpira wa puani. Wachache hupasuliwa: mfupa wa taya hukatwa pande zote mbili, kisha kifaa huusogeza kama milimita 1 kwa siku. Mfupa mpya hujaza pengo, ulimi husonga mbele, njia ya hewa hufunguka.