Adabu ya Mtoza Kodi Nyumbani kwa Watu



Tumeombwa kusema juu ya watumishi wa kodi wafikapo majumbani mwetu. Kodi hatuikatai, kwani ndiyo ijengayo barabara na kulipa walimu. Tutakalo ni kutozwa kwa adabu.

Katika nchi hii kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na ya kichwa mwaka 1910. Vibanda vilihesabiwa kimoja kimoja, na asiyelipa aliweza kukamatwa. Kwa hiyo hata leo wako wanaomwogopa mgeni mwenye daftari. Tena hapa Isiolo mara nyingi wanaume wako malishoni, na nyumbani wamebaki akina mama, watoto na wazee.

Basi mtumishi na apige hodi, asimame nje mpaka akaribishwe. Akiambiwa mwenyewe hayupo, aage kwa wema, arudi siku nyingine. Aonyeshe cheti chake cha kazi, aitaje sheria iliyomtuma, wala asipokee hata shilingi moja pasipo kutoa stakabadhi. Maana asiye na stakabadhi aweza kudaiwa mara ya pili, na mbuzi wake amekwisha kuuzwa. Akikosa hayo, na aitwe mzee wa mtaa awe shahidi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, hulinda faragha ya nyumba. Na cha 210 husema kodi haitozwi ila kwa sheria.

Nasi yatupasa kumpokea kwa heshima, kusema kweli juu ya mali zetu, na kuzitunza stakabadhi.