Tia Mkono Ndani ya Gunia

(Maneno haya niliyatoa mbele ya vijana wenzangu jioni moja ya Ramadhani, tukingoja adhana ya Magharibi. Nimeyaandika hapa karibu kama nilivyoyasema.)



Ndugu zangu na dada zangu, mhadhara wangu leo si wa fadhila za kumi la mwisho. Hayo mashekhe wetu wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nasomea kilimo chuoni, na nimekuja kuzungumza juu ya mahindi. Msicheke.

Mnakikumbuka kisa tulichofundishwa madrasa? Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali: ni nini hii? Akajibiwa kuwa ni mvua. Basi kwa nini, akaulizwa, hukuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona? Tulikisoma kama somo la udanganyifu, na ni kweli. Lakini angalieni ni udanganyifu wa kitu gani. Ni wa unyevu. Karne kumi na nne zimepita, na nafaka yetu bado inaharibika kwa jambo lile lile, na bado linafichwa chini ya gunia.

Mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, yanapata joto yenyewe kwa yenyewe, kuvu inaota, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huioni, na sima ikipikwa mpaka ikaungua bado imo. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hawakula takataka, ndugu zangu. Walikula mahindi yao wenyewe, mengi yakiwa yamewekwa na unyevu ndani ya nyumba.

Sasa niwaambie la nyumbani kwetu. Ami yangu anauza nafaka. Nilipokuwa kidato cha tatu aliletewa magunia arobaini kutoka bara. Lori liliharibika njiani siku tatu, mvua inanyesha, na turubai lenyewe limetoboka. Mahamali walipoyateremsha kwa zile kulabu zao (kila kulabu inaacha tundu, na kila tundu linamwaga punje mpaka mlangoni) yale ya chini yalikuwa na joto. Nilitia mkono nikautoa haraka. Dereva alisema ni jua tu.

Ami alikuwa amelipa fedha zote. Akayaanika, akayapepeta, yakapata sura. Mengine akayachanganya na mazuri. Na Ramadhani ilipofika ukingoni, pishi za zakatul-fitri zikatolewa katika yale yale, yamesagwa. Mimi ndiye niliyebeba mifuko nyumba kwa nyumba. Nilijua. Nilijiambia unga ni unga.

Siku ya pili ya Idi alikuja mama mmoja mjane, akakataa hata kukaa. Akaniambia, "Mwanangu, mwambie ami yako ahsante, Mungu amzidishie. Lakini unga ule mchungu, watoto wameukataa." Ami alisikia kutoka ndani. Hakusema kitu. Alipima unga mwingine kutoka gunia la nyumbani kwetu, akaupeleka mwenyewe kila nyumba niliyokwenda, na magunia yaliyobaki tukayafukia. Jirani aliyaomba kwa ng'ombe wake, tukamkatalia. Baadaye chuoni nikajua tulifanya sawa, maana sumu ile hupita ikaingia kwenye maziwa.

Ami si mtu mbaya. Mkulima alivuna mapema kwa kuogopa wezi, dalali akanunua kwa macho, dereva akanyamaza, naye ami akaogopa hasara. Kila mmoja alimsukumia mwenziwe, na mwisho wa safari pana mlango wa mtu asiyeweza kuchagua. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2011 kuwa nafaka inayopotea baada ya mavuno Afrika kusini ya Sahara ina thamani ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Iliyoharibika lakini ikaliwa sidhani kama kuna aliyeipima.

Wadudu nao wapo. Kuna huyu dumuzi aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora, Tanzania, kisha akavukia Taveta miaka ya 1980. Wakulima wetu wamembandika jina la Osama, jina ambalo sisi vijana wa Kiislamu tumechoka kutaniwa nalo! Nabii Yusuf (A.S.) aliwaambia watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake, na ganda ni kinga kweli. Lakini dumuzi hupenda sana mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa hivyo haya yetu ni bora kuyapukuchua, kuyakausha barabara, na kuyafunga katika yale magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Hewa ikiisha, mdudu anakufa bila dawa. Mahindi mabichi usiyatie humo, yataoza.

Utajuaje yamekauka? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana maji. Ami anayo chupa hiyo juu ya meza ya duka, na lori likifika huitumia kabla hamali hajagusa kitu. Madereva wengine wanakasirika. Mwaka jana alilirudisha lori zima.

Zakatul-fitri zinaanza kukusanywa hapa wiki ijayo. Nimeomba niwe kwenye meza ya kupokea, na chupa nitakuja nayo. Naona muadhini ameshatazama saa yake, basi maswali tuyaweke baada ya futari, Inshaallah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.