Gari la Kaka Yangu



Mwenyekiti ameniomba nizungumzie afya, na najua wengi mnangoja niwaambie mpunguze chumvi. Hilo nitalisema mwaka ujao. Leo nazungumzia gari.

Kaka yangu wa kwanza alizaliwa 1963, miaka 2 baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Mimi ni kitinda mimba. Alipata polio akiwa na miaka 4, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, wa kulia ukadhoofika. Alikwenda shule kwa gongo alilochongewa na baba. Leo anaishi kijijini Lincolnshire, katikati ya mashamba ya kabichi, na anashika hesabu kwenye kampuni ya kufungasha mboga, maili 11 kutoka kwake. Basi linapita mara 3 kwa siku, Jumapili halipo kabisa. Gari lake ni la otomatiki, mafuta na breki anaviendesha kwa mkono. Amelipata kwa mpango wa Motability: sehemu ya usafiri ya malipo ya PIP, kile kiwango cha juu, badala ya kuingia mfukoni inalipia ukodishaji wa gari. Kiwango kikishuka, gari nalo linarudi.

Mwaka juzi alifanyiwa tathmini upya kwa simu. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala. Akaulizwa hali yake. Akajibu kwa Kiingereza, lakini kwa adabu ya kwetu: mzima, namshukuru Mungu. Unatembea? Natembea. Dukani unafika? Nafika.

Hakusema uongo. Dukani anafika. Ila hakusema kwamba anasimama njiani mara 4, anashika ukuta wa kanisa, na kesho yake hawezi kushuka kitandani mpaka saa sita mchana. Kwetu ukiulizwa hali hata kama una homa unaanza na sijambo, maumivu yanakuja baadaye, baada ya chai. Kwenye simu ile chai haikuwepo.

Barua ikasema anaweza kutembea zaidi ya mita 50, pointi 4. Kiwango cha juu kinataka 12. Akaitia kwenye droo. Nilipokwenda kumtembelea siku ya 19 ndipo nikaiona, nikitafuta kiberiti. Nikamwuliza kwa nini hakunipigia. "Mdogo wangu, tusigombane na serikali ya watu."

Nilikasirika, naungama. Nilisomea uuguzi hapa hapa Uingereza, kila siku nasaidia familia za wengine kujaza fomu, na droo ya kaka yangu sikuijua.

Muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya ni mwezi 1 tangu tarehe iliyo juu ya barua, si tangu siku uliyoifungua. Tulikuwa na siku kama 12. Tukaomba nakala ya ripoti ya mtathmini, kila mtu ana haki ya kuipata, tukaisoma mstari kwa mstari. Kisha nikamwambia kaka aandike siku 7 za maisha yake bila adabu: ametembea hatua ngapi, amesimama wapi, ameanguka lini. Kanuni haiulizi tu kama unaweza. Inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa namna inayoridhisha, kwa kurudia rudia, na bila kutumia muda mrefu kupita kiasi. Daktari wake akaandika jambo ambalo wengi hawalijui: aliyeugua polio utotoni, miaka mingi baadaye misuli iliyokuwa imenusurika huweza kuanza kudhoofika tena. Anayeonekana amezoea ulemavu wake, kumbe anazidi kupungukiwa.

Jibu zuri lilikuja siku 9 kabla ya tarehe ya kurudisha gari. Lingekuwa baya tungekata rufaa mbele ya jopo huru, ambako waombaji wengi hushinda. Citizens Advice husaidia bure, msione haya kwenda.

Vijana, nyie ndio mnaosoma barua za nyumbani. Baba au shangazi akiitwa kwenye tathmini, kaeni naye siku hiyo, hata kama mtakosa kazi. Akisema sijambo, mwulizeni palepale: na jana ulikuwaje? Na zile bahasha za kahawia, jamani, mzifungue zote. Mara nyingine ni habari njema, ingawa si mara nyingi.

Kaka yuko pale karibu na mlango, ameendesha mwenyewe kutoka Lincolnshire. Ameniomba nitangaze kwamba kuna aliyeegesha gari la bluu limebanana na la kwake, naye hawezi kuingia mpaka mlango ufunguke wote. Tafadhali mwenye gari hilo akalisogeze kabla hatujakata keki.