Nyumba Yenye Bustani Inauzwa Tabora

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo jepesi mpaka fedha ikisha kutoka mkononi, nalo ni kununua nyumba ya mjini yenye bustani.

Bustani ni sifa ya kale ya Tabora. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857, mji ukiitwa Kaze, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Burton aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe walikaa katika nyumba kubwa, imara, zenye bustani pana zilizopandwa vizuri. Watu wa misafara, waliochoka kwa jua na mizigo, walijua thamani ya kivuli na kisima. Mpaka leo miembe ni pambo la mji ule, na mwenye kuuza nyumba huisifu miti kabla hajataja vyumba.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, nchi ikiwa imekauka, tulikwenda Tabora kutazama nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa karibu na uwanja wenye miti, ambapo watu wa mji hupumzika jioni. Mwenyeji alitupokea kwa heshima, akatuonyesha ukuta, paa, kisima, na miembe minne. Bei ilikuwa ya haki, nasi tulikuwa tayari kulipa arabuni.

Tulipozunguka nyuma ya nyumba tulimkuta mama mmoja akinyweshea mchicha. Tukamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Mmekuja kununua mboga?"

Hapo tulifahamu kwamba mkewe hakuambiwa neno. Bustani ile tuliyoisifu ilikuwa kazi ya mikono yake. Mwembe uliopandwa kwa kokwa huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, na ile minne aliipanda yeye. Mumewe aliinama, akasema kwamba alihitaji fedha za kuwasomesha watoto, na kwamba hati ilikuwa na jina lake peke yake.

Tulirudisha fedha mfukoni. Hatukumwona kuwa mwovu, lakini jina lililo katika hati halikutosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Tungalinunua siku ile, tungalijinunulia kesi.

Basi, ndugu zetu, mnunuzi yampasa kujua kwanza anunua kitu gani. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anayeuza hauzi udongo. Auza haki ya kukaa mahali pale kwa muda ulioandikwa katika hati, usiozidi miaka 99, pamoja na nyumba na miti iliyopo.

Kwa hiyo aende kwa msajili wa hati, aulize kama jina ni la muuzaji na kama nyumba haikuwekwa rehani. Kisha atembee mipakani pamoja na majirani. Bustani aitazame wakati wa kiangazi, maana wakati wa masika kila kiwanja ni kijani. Mwisho akae na mume na mke pamoja, wote wawili waseme kwa vinywa vyao na kutia sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya wiki moja tuliitwa tena. Mume na mke walikuwa wameketi mkeka mmoja. Yule mama alisema kwamba amekubali kwa ajili ya watoto, lakini kwa sharti moja, tusiingie kabla hajavuna maembe ya mwaka ule. Tuliona sharti lake ni la haki, tukaliandika katika mkataba, na uhamisho ukaandikishwa kwa msajili.

Tuliingia msimu ulipokwisha. Mlangoni tulikuta kikapu cha maembe, alichotuachia yeye.