Nani Atangulie Kutoa Salamu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Leo tunapenda kuzungumza juu ya maradhi yasiyo na homa wala jeraha, lakini yamo katika nyumba zetu nyingi. Nayo ni kununiana. Watu waliokuwa wakila sinia moja hawasemezani. Ukiuliza chanzo, huyu atakutajia mpaka wa shamba la urithi, yule atakutajia neno lililosemwa arusini. Na wako wasiokumbuka tena kilichotokea, ila wanakumbuka tu kwamba wamekasirika.

Dini yetu haikukanusha kuwa mwanadamu hukasirika. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Ayyub Al-Ansari (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na kwamba mbora wa wawili hao ni yule anayetangulia kutoa salamu. Hebu tuzingatie hekima iliyomo. Siku hizo 3 ni nafasi aliyopewa mtu ili damu ipoe na akili irudi mahala pake. Zikipita, ghadhabu haiwi tena ghadhabu. Hugeuka kinyongo, na kinyongo hujenga nyumba moyoni.

Na nyumba hiyo hujengwa kwa dhana. Maadamu hatusemi na mwenzetu, hatumsikii tena yeye. Twasikia yale tunayomsemea wenyewe ndani ya nyoyo zetu. Akikohoa, twasema ametukusudia. Akicheka barazani na wenziwe, twadhani anatucheka sisi. Akikaa kimya, twaita kimya chake kiburi, hali kimya chetu twakiita subira. Makosa yake tunayapima kwa maneno tuliyoyasikia. Makosa yetu tunayapima kwa nia tuliyokuwa nayo. Kwa mizani mbili namna hiyo, ni nani atakayetoka na haki? Ndiyo maana Sura ya Al-Hujurat, katika Aya ya 10, imetuamrisha kupatanisha baina ya ndugu, kisha katika Aya ya 12 ikatuhadharisha na wingi wa dhana.

Huenda mtu akasema: "Mimi ndiye niliyekosewa. Vipi nianze mimi?" Basi na tumtazame Abu Bakr Siddiq (R.A.). Alikuwa na jamaa yake, Mistah bin Uthatha, Muhajiri maskini aliyehudhuria vita vya Badr, naye Abu Bakr ndiye aliyekuwa akimkimu. Ulipozuka uzushi juu ya Bibi Aisha (R.A.), Mistah akawa miongoni mwa walioueneza. Ndugu zetu, je, liko kosa lililo zito zaidi ya hilo? Mtu anakula kwa mkono wako, kisha anachafua heshima ya binti yako! Baada ya Mwenyezi Mungu kumtakasa Bibi Aisha, Abu Bakr aliapa kuwa hatamsaidia Mistah tena. Hapo ndipo iliposhuka Aya ya 22 ya Sura ya An-Nur, ikiwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa, maskini na waliohama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali wasamehe. Na ikauliza kama wao wenyewe hawapendi kusamehewa na Mola wao. Abu Bakr akajibu kuwa anapenda, akamrudishia Mistah riziki yake. Hakungoja Mistah apate kustahiki. Alijitazama yeye mwenyewe kama mja anayehitaji msamaha.

Wala tusifahamu kuwa kusamehe ni kupoteza haki. Deni hubaki kuwa deni, na mirathi hugawanywa kwa sharia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni mbele ya mashahidi. Kwani jambo lililoandikwa halizui ugomvi kama jambo lililoachwa kwenye kumbukumbu za watu. Basi salamu itangulie, na hesabu ifuate siku yake, mbele ya wazee wenye busara.

Tuanze vipi? Tuanze kwa jambo dogo. Tukipishana njiani, tutoe salamu na tuulize hali ya watoto. Tukipika, tumtume mtoto apeleke sahani kwa jirani. Mwanafunzi amwazime mwenziwe daftari. Siku hiyo ya kwanza tusifukue kesi ya zamani, wala tusidai kuombwa radhi. Asipoitikia, tusivunjike moyo, maana mlango uliofungwa muda mrefu hukwama. Tutakuwa tumetimiza wajibu wetu, na kesho tutabisha tena.

Na sisi tulio baina ya wagombanao tujihadhari. Wahenga wamesema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii yatukataza kuchochea, haitukatazi kusuluhisha. Anayebeba maneno kutoka nyumba hii hadi ile, ajue kuwa anabeba kuni.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa milango ya Pepo hufunguliwa kila Jumatatu na Alhamisi, wakasamehewa waja wasiomshirikisha Mwenyezi Mungu, isipokuwa wawili wenye uhasama baina yao, hao hucheleweshwa mpaka wapatane. Ni Jumatatu ngapi zimetupita? Na mauti hayatungojei. Tumewaona watu wakilia kwa uchungu mbele ya jeneza la ndugu ambaye kwa miaka hawakumwambia hata neno moja. Kilio hicho maiti hakijibu. Salamu ya leo aliye hai aweza kuiitikia.

Basi kabla jua la Ijumaa hii halijatua, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyemhama, kisha ainuke aende kwake.

Ewe Mola wetu, tusafishie nyoyo zetu, utuunganishie udugu wetu, na utujaalie kuwa wepesi wa kutangulia katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.