Samli ya Ng'ambo na Mfuko wa Mkulima



Zamani majahazi ya Banadir yalituletea samli kwa kaskazi, na msimu ukipandisha na kushusha bei. Leo samli ya ng'ambo hufuata dola, nauli na ushuru. Mkulima wa karafuu hana kauli juu ya matatu hayo, wala juu ya bei ya karafuu zake, inayotangazwa na mnunuzi mmoja.

Lita 100 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 hazitoi zaidi ya kilo 4 za samli. Basi hatuahidi miujiza. Twadai mawili: ushuru upunguzwe sasa, na wafugaji wa Unguja na Pemba wapatiwe malisho na madaktari wa mifugo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.